Doyo Aliiamini Ile Hapana

"Kwani hiyo gari ni ya petroli ama dizeli?"

Wallahi hayo ndiyo maneno ya Doyo. Wanawake watatu tumekaa tunalia mpaka kamasi inatoka. Kwenye runinga kijana wa Kikorea amesimama kwa mvua chini ya dirisha la msichana, amelowa kama kuku, na huyu mwanaume aliyemposa binti yangu anauliza mafuta ya gari iliyo nyuma yake.

Binti yangu Tuye akapangusa macho, akamgeukia.

"Doyo, wewe huna moyo?"

"Moyo niko nao."

"Uko wapi?"

"Si huu hapa unapiga. Lakini huyo kijana ana gari, Tuye. Kwa nini asiingie ndani? Mvua inamnyeshea bure."

Jirani yangu Kathure akamtupia mto wa kiti.

"Nyamaza wewe! Haki ya Mungu, huyu kijana akifa leo, mimi kwangu sipiki. Mume wangu Mutembei akirudi atakula ukuta."

Doyo akacheka, akamaliza chai yake, akaniaga vizuri kwa heshima, akaenda kupakia gari.

Mimi ni Kaltuma, wa Bulla Pesa, nauza maziwa ya ngamia hapa sokoni Isiolo. Naandika haya kwa kina mama wenye mabinti, na ninachosema nakijua, kwa sababu kilitoka mdomoni mwangu mwenyewe.

Doyo ni mtu wa Merti, anaendesha pikapu ya kuja hapa Isiolo. Miaka miwili ameniletea mitungi yangu ya maziwa, hakuna siku hata moja yaliharibikia njiani. Hapo ndipo alimwona Tuye, akija kunisaidia kupokea. Hakumsumbua. Alituma wazee kwa shemeji yangu Arero, ndugu ya marehemu mume wangu, na sukari, na majani ya chai, na tumbaku. Wakakubaliwa. Harusi ikawekwa baada ya Idd.

Sasa, ile siku ya petroli na dizeli, Doyo alipotoka, Tuye alizima runinga akanigeukia.

"Mama, huyu mtu ananipenda kweli?"

"Kwa nini unauliza?"

"Sijawahi kumwona akilia. Juzi nilimuuliza, wewe unaweza kuishi bila mimi? Unajua alisema nini?"

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Nitaishi, lakini vibaya.'"

Kathure alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilipaswa kusema, binti yangu, hilo ni jibu la mtu mkweli, shukuru Mungu. Sikusema. Kichwa changu kilikuwa bado kwenye ile mvua. Mume wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kusimama popote kwa ajili yangu, na nilikuwa nimelia kwa sababu hiyo pia.

Nikasema, "Mpime."

"Nimpime namna gani?"

Kathure akadakia. "Kama yule msichana! Si alimwambia kijana usinitafute tena? Na kijana si alikuja mbio siku ya tatu? Mwanaume akisikia hivyo ndiyo moyo wake unaamka."

"Na asipokuja?"

"Atakuja," nikasema mimi, mama mzazi. "Mwanaume wa kweli atakuja. Andika."

Tuye akaandika. Tulimsaidia maneno kama watu wanaandika barua ya chifu:

*Doyo, tusioane. Nimefikiria sana. Tafadhali usinitafute tena.*

Alama za buluu za kuonyesha amesoma zilitokea papo hapo. Tukangoja tumeshikana mikono, tunacheka kama wasichana wa shule. Jibu likaja:

*Sawa Tuye. Nimesikia. Mungu akupe heri.*

"Hee," Kathure akasema. "Huyu ameumia. Umeona hajaweka hata emoji moja? Ameumia sana."

Siku ya kwanza Tuye alivaa dera lake jipya la kijani. Siku ya pili akalivaa tena. Siku ya tatu alifagia mbele ya mlango mara nne, na kila pikapu ikipiga honi anatoka. Maziwa yalikuja, lakini yaliletwa na dereva mwingine.

"Doyo yuko wapi?" nikamuuliza.

"Aliniambia nikuletee mimi. Kuna kitu?"

"Hakuna."

Nikarudi ndani. Tuye akanitazama.

"Mama, wa kwenye filamu alikuja siku ya tatu."

"Huyu barabara yake ni mbovu," nikamwambia. "Mpe wiki."

Nilisema hivyo nikijiamini kabisa. Mtu akikosea kwa kujiamini, hapo ndipo anazama.

Siku ya kumi Arero aliingia kwangu bila hata salaam. Fimbo yake aliiweka mezani, pa! Vikombe vikaruka.

"Kaltuma! Binti yako amekataa mtu, na mimi nasikia kwa simu kutoka Merti?"

"Shemeji, kaa kwanza..."

"Sikai! Wazee wa Doyo wamenipigia. Wameongea kwa adabu mpaka nikaona haya. Hawadai kitu. Wamesema sukari tuliyokunywa iwe halali yetu. Wamesema msichana ametoa neno lake, nao wamelisikia. Ijumaa wanaenda Biliqo kuposa kwingine."

Tuye alikuwa mlangoni na ndoo ya maji. Ndoo ikaanguka.

"Baba mdogo, nilikuwa nampima tu!"

Arero akamtazama kama mtu anayeongea Kichina.

"Unampima? Yeye ni kitambaa?"

Akachukua fimbo yake akaenda.

Kina mama, mmezoea kuona msichana akilia kwenye runinga. Chozi moja linashuka polepole, uso mzuri, nyuma kuna wimbo. Mimi niliona binti yangu akilia kwa kweli. Alitapika. Uso ulivimba mpaka macho yakawa mistari. Hakukuwa na wimbo, kulikuwa na mbuzi wa jirani akipiga kelele. Alimpigia Doyo mara ishirini na moja, na kila mara yule mwanamke wa simu anasema mteja hapatikani. Alituma meseji, alama ikawa moja tu, haijamfikia. Kathure alikuja na uji, akakaa naye sakafuni, hakuwa na utani hata mmoja.

"Mama Tuye," aliniambia nje, "sisi ndio tumefanya hii."

"Najua."

"Sasa?"

"Kesho ni Alhamisi. Naenda Merti."

Tuye akasikia, akatoka. "Mama, aibu! Mama wa msichana kwenda kuomba?"

"Aibu nitaibeba mimi, ni haki yangu. Lakini maneno utabeba wewe. Nikifika nitakupigia, na utaongea kwa mdomo wako. Usiandike kitu."

Nilipanda pikapu baada ya swala ya alfajiri, nikakaa juu ya magunia ya unga. Barabara ya Merti mnaijua. Nilifika alasiri nikiwa na vumbi mpaka kwenye meno, na hotuba yangu nimeipanga: nitaanza na salaam, halafu nitaomba msamaha, halafu nitalia kidogo.

Nilipokaribia boma la Mama Doyo nikasikia wanawake wanalia ndani. Nikajua kuna maiti. Nikaingia na viatu mkononi.

"Inna lillahi... nani amefariki?"

Wanawake wanne wakageuka, macho mekundu. Katikati yao kulikuwa na simu imeegemezwa kwenye thamosi. Na kwenye simu, wallahi, kijana amesimama kwa mvua.

"Hakuna maiti, Mama Tuye," Mama Doyo akasema. Sauti yake ilikuwa baridi. "Karibu ukae. Tunaangalia huyu kijana mjinga."

"Mjinga?" Hotuba yangu yote ikapotea. "Huyu si mjinga! Huyu anapenda!"

"Anapenda nini? Msichana amemfungia dirisha! Mtoto wa watu amesimama mpaka amepata homa, mamake yuko hospitali anasali, na yule msichana anatazama kwa pazia. Kiburi!"

"Msichana anaumia ndani!"

"Akiumia si afungue?"

Mmoja wa wale wanawake akasema, "Mimi namlilia yule mama."

"Nami pia!" Mama Doyo akasema, akajipiga kifua. "Namlilia yule mama. Doyo aliponionyesha meseji ya binti yako, aliniuliza, 'Mama, niende nimuulize?' Nikamwambia, hapana! Mwanangu hatasimama kwa mvua ya mtu."

Nikakaa chini.

"Alitaka kuja?"

"Alitaka. Mimi nikamkataza."

"Mama Doyo," nikasema, "na mimi ndiye nilimwambia Tuye aandike. Hakuwa amemkataa. Tuliangalia hii hii filamu, tukalia, tukasema tumpime."

Mama Doyo alinyoosha mkono, akaizima ile simu.

"Astaghfirullah," akasema. "Wazee wanaondoka kesho."

"Ndiyo nimekuja."

"Mwenye neno ni Doyo. Mimi nimeshaongea vya kutosha."

Wakaenda kumwita. Alikuwa chini ya pikapu anafunga boliti. Alikuja na mafuta mikononi, akanisalimia kwa heshima ile ile, wala hakuniuliza nimefuata nini. Nikamwambia yote. Sikuficha sehemu yangu wala ya Kathure. Alisikiliza anajipangusa kidole kimoja kimoja kwa kitambaa.

"Mama, mimi nilijua amekataa. Mlango wa mtu ukifungwa, mimi sipigi teke."

"Simu yako mbona haishiki?"

"Nilikuwa malishoni. Na nilipotoka sikutaka kuiwasha."

Nikapiga kwa Tuye, nikaweka spika, nikaiweka simu juu ya mkeka. Wale wanawake walitaka kutoka. Mama Doyo akasema, "Kaeni. Ile hapana ilijulikana na watu wote, na hii ijulikane."

"Mama? Umefika? Yuko?"

"Niko hapa, Tuye," Doyo akasema.

Tukasikia analia. Doyo akangoja. Hakumwambia nyamaza.

"Doyo, nisamehe. Doyo, mimi..."

"Nitakuuliza kitu kimoja. Ile hapana ilikuwa yako ama ya mama yako?"

Nikafungua mdomo. "Ilikuwa ya kwang..."

"Mama, wacha," Tuye akasema. Sauti yake ilibadilika, ikasimama. "Walinishauri, lakini kidole kilikuwa changu. Niliituma mimi. Nilitaka uje mbio."

"Uliandika nisikutafute."

"Niliandika."

"Sasa mimi ningejuaje? Mtu akiniambia barabara imefungwa, nipite?"

"Usipite. Ulifanya vizuri. Mimi ndiye niliongea uongo."

Doyo alitazama mikono yake. Mmoja wa wale wanawake alikuwa ameshika mkono wangu, ananifinya bila kujua.

"Unataka nini, Tuye?"

"Nataka unioe."

"Sema pole pole. Mtandao wa hapa ni mbaya."

Mtandao ulikuwa mzuri kabisa.

"Nataka unioe, Doyo. Wewe. Na huko Biliqo wasiende."

Akavuta pumzi ndefu.

"Hizi siku kumi nimeishi," akasema. "Vibaya. Lakini nakuambia mbele ya hawa mama: mimi neno lako nitaliamini siku zote. Ukiniambia ndiyo, nitaamini. Ukiniambia hapana, nitaamini. Kwa hivyo usinipe moja wakati unataka nyingine. Nitaondoka kweli."

"Nimesikia."

"Haya. Wacha niende kwa wazee kabla ya magharibi."

Akatoka. Mama Doyo akanishika bega, na hapo ndipo mimi na yeye tulilia, kila mtu kwa makosa yake.

Msifikiri iliisha tamu hivyo tu. Huko Biliqo habari ya posa ilikuwa imetangulia kwa simu, na mama wa msichana wa huko alinitumia maneno makali, na nilistahili. Arero alinisimamisha mbele ya wazee wa pande mbili, mimi mtu mzima, nikaeleza kwa mdomo wangu jinsi nilivyochezea posa. Kuna mzee aliuliza, "Na huyo Mkorea ni wa ukoo gani?" Watu wakacheka, na mimi nikataka ardhi inimeze. Harusi ilifanyika baada ya Idd. Kathure alikuja na Mutembei wake, akacheza kuliko wenye harusi.

Kina mama, mimi sijawakataza filamu. Mimi mwenyewe bado naangalia na bado nalia, hiyo ni dawa ya kifua. Lakini machozi ya pale, yamalizeni pale pale. Usimwandikie binti yako maneno ya mtu ambaye amelipwa kuyasema. Na ukiona mwanaume haongei sana, kabla hujasema hana moyo, angalia kama neno akilisema linakaa. Mimi karibu nimtupe mkwe kama huyu, na nafsi yangu inanisuta mpaka leo.

Wiki iliyopita Tuye alinipigia kutoka Merti.

"Mama, leo nimemwambia Doyo hapana."

Nilikuwa napima maziwa. Nikaweka kikombe chini.

"Tuye! Hapana ya nini tena?"

"Watu wa kwao wamesema tuhamie malishoni na mbuzi wa mamake mpaka kiangazi kiishe. Mimi nimeanza biashara yangu ya madera hapa, wateja ndiyo wanaanza kunijua. Nikamwambia hapana, siendi."

"Na yeye akasema nini?"

"Aliniuliza, 'Hiyo ni hapana ya kweli?' Nikasema, ya kweli."

"Halafu?"

"Akasema sawa. Akaenda kuwaambia kwao mke wake haendi. Sasa hivi anafunga rafu ya duka langu."