Safari ya Kalambo, Mwaka wa Kuhama

Stendi ya Sumbawanga ilijaa magunia ya ulezi na moshi wa dizeli asubuhi ile ya Mei 1974. Sekela aliposhuka kwenye basi la Mbeya, baada ya siku mbili njiani, gauni lake la buluu lilinasa kwenye msumari wa mlango na kuchanika hadi juu ya goti.

"Simama hapo hapo, dada," sauti ikasema. "Ukipiga hatua moja tu, stendi nzima itapata sinema ya bure."

Kijana mrefu wa shati jeupe alichomoa sindano kwenye kola yake, akapiga magoti vumbini, akashona. Aliitwa Flavian, fundi cherehani wa sokoni, Mfipa wa upande wa Matai.

"Ndaga, kaka. Kwetu ndiyo ahsante."

"Kwenu wapi?"

"Tukuyu. Nimehamishiwa huku, mpiga chapa wa serikali."

"Karibu Ufipa. Baridi yetu haina adabu, ila watu wake wanayo."

Juma lile lile Flavian alimpelekea sweta. Mwezi haujaisha, akawa anapiga simu ofisini kutoka duka la jirani.

"Mnyakyusa wangu, umekula?"

"Nimekula, fundi. Wewe je, au umeshiba nyuzi?"

"Siku moja nitakupeleka Kalambo, kipenzi. Maji yanaanguka mpaka macho yanachoka kuyafuata. Na njiani tutashuka kwetu, umwone mama."

Agosti, mezani kwa Sekela ilifika barua ya kupiga chapa, nakala nne. Ilikuwa orodha ya vitongoji vitakavyohamishiwa kwenye kijiji kipya cha ujamaa ifikapo mwisho wa Septemba. Jina la nane lilikuwa kitongoji cha kina Flavian.

"Ya ofisini yanaishia ofisini," mkuu wake alimkumbusha.

Alikuwa ameapa kutunza siri. Kwa siku kadhaa alijibu simu za Flavian kwa mkato. Mwishowe akaamua kumwambia huko Kalambo, mbali na masikio ya mji. Muda bado upo, alijiambia.

"Twende Jumamosi hii," alimwambia.

Basi liliondoka saa kumi na mbili asubuhi, abiria wamebanana kwenye viti vya mbao vilivyopoteza sponji zamani. Miguuni mwa Sekela palikuwa na debe la mafuta ya mawese lililovuja. Upepo wa baridi uliingia kwenye madirisha yasiyo na vioo, na vumbi likawafanya wote rangi moja. Mlimani injini ilizimika, wakashuka kusukuma. Tairi likapasuka, likazibwa, likapasuka tena. Mara ya tatu utingo alikata nyasi, akazishindilia ndani ya tairi, wakaendelea kwa mwendo wa punda.

"Unajuta?" Flavian alimuuliza, akimfuta vumbi kwenye nyusi.

"Mgongo ndio unajuta. Mimi bado."

"Vumilia, mpenzi. Mama ana kande jikoni."

Saa tisa alasiri walipita Matai. Mbele kidogo Flavian akasimama ghafla na kugonga bati. "Shusha! Shusha hapa!"

Nyumba zilikuwa hazina mapaa. Nyasi zilichomwa, majivu bado yanafuka. Bi Fransiska, mama yake, alikaa juu ya kinu katikati ya ua, gunia mabegani, akisubiri lori lirudi kuchukua waliobaki.

"Shikamoo, mama," Flavian alisema, akipiga magoti mbele yake.

Sekela alisimama nyuma yake, akatamka bila kujijua, "Lakini walisema mwisho wa Septemba."

Flavian aligeuka polepole. "Nani alisema?"

"Nilipiga chapa barua mimi. Wiki mbili zilizopita. Nilitaka kukuambia huko mbele, kwenye maporomoko."

"Ulikuwa unanipeleka kutazama maji, na mama yangu anavunjiwa nyumba?"

"Sikujua kama ni leo, Flavian! Naapa."

"Rudi kwenye basi."

Alirudi. Basi halikuwa na safari ya Sumbawanga mpaka kesho yake, kwa hiyo lilimpeleka mbele, na asubuhi alitembea na wanawake wa huko hadi Kalambo. Maji yalikuwa makubwa kuliko alivyosimuliwa. Aliketi kwenye mwamba, akayatazama yakitumbukia bondeni, asione uzuri wowote.

Simu ilikuja Novemba.

"Sekela? Ni mimi, nipo mjini."

"Flavian! Nimekuandikia barua nne."

"Nilizipata. Mama amefariki. Kichomi. Kibanda cha nyasi cha kijiji kipya, mvua ilimkuta humo. Ungesema mapema, ningemleta chumbani kwangu hapa mjini, Kizwite. Hilo linanichoma. Ila kukaa bila wewe nako kunanichoma. Njoo matangani. Nataka kukuoa."

"Wenzako nyumbani wanajua habari ya ile barua ya kuhama?"

"Hawajui. Wala hawatajua."

Safari ya kijiji kipya ilichukua saa kumi na moja, matope hadi magotini kila walipokwama. Albina, dada mkubwa wa Flavian, aliyebaki kumtunza baba yao mzee kibandani, alimpokea kwa mikono miwili. "Pole na njia, wifi." Alimvua nguo zilizolowa, akamfunga kitenge cha marehemu, akamwekea ugali wa ulezi.

Sekela akashindwa kumeza.

"Dada Albina," alisema, "barua ya kuwahamisha niliipiga chapa mimi. Nilijua wiki mbili kabla. Nikanyamaza."

Wanawake wote jikoni waligeuka kumtazama. Albina alisukuma kuni motoni.

"Kitenge usivue," alisema. "Cha marehemu kikishatolewa hakirudishwi. Lakini hapa hutaolewa."

Kesho yake Flavian alimsindikiza barabarani, mvua ikiwanyeshea.

"Kwa nini umesema? Nilikwambia hawatajua."

"Ningeitikaje nikiitwa wifi kila siku?"

"Ningekuoa hata hivyo."

"Najua. Na Albina je, ungemuacha na baba kwenye kibanda kile?"

Basi lilipofika Flavian alimpandishia mfuko, akamshika mkono mpaka utingo akapiga bati. Yeye hakupanda.

Ndani, mama mmoja alikitazama kile kitenge, kisha macho ya Sekela yaliyovimba.

"Umefiwa, mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Na nani?"

"Mama mkwe," Sekela akajibu.

Yule mama akavuta debe lake pembeni, akampisha akae.