Nani Anataka Kupimwa?

Likizo ya Agosti mwaka 1994, Beldina alikuwa akiamka mapema, akichota maji bombani mtaani kwao Nyalenda, kisha akimbeba mdogo wake mgongoni. Siku moja aliandamana na mama yake, Milka, hadi zahanati. Mama alikuwa akienda kudungwa sindano ya kupanga uzazi, na mtoto kupimwa uzito.

Kilichomkera Beldina ni lile swali. Kila mara Sista Zeituni, muuguzi wa hapo, alisimama mlangoni akapaza sauti: "Nani anataka kupimwa saratani ya mlango wa kizazi?"

Akina mama wote waliangalia miguu yao. Nani angeinua mkono mbele ya jirani waliyepanga naye ploti moja? Kabla ya jua kutua, soko zima la Kibuye lingesema ana ugonjwa wa aibu. Sista naye alinuna, akalalamika kwamba wanawake hawa hawajali maisha yao.

Mama mdogo Dorca, ndugu yake Milka, alificha saratani hiyo mpaka maji yakazidi unga, wakamzika mwezi wa Aprili. Kaburini Milka aliapa kwamba atapimwa. Sasa Beldina aliutazama mkono wa mama yake, umetulia mapajani kama mara iliyopita. Alipomnong'oneza, aliambiwa hayo ni mambo ya watu wazima. Alikasirika hadi machozi yakamlengalenga.

Zamu yao ilipofika, waliingia chumbani na Sista akamtundika mtoto kwenye mizani bila kuuliza lolote. Hapo Beldina akashindwa kuvumilia.

"Sista, hujauliza nani anataka mtoto wake apimwe uzito. Unawapima wote tu. Mbona mama zetu unawauliza mbele za watu?"

"Beldina!" Mama alimkemea. "Nani amekufundisha kumsemesha mkubwa hivyo?"

Sista Zeituni alimtoa Beldina nje na mtoto, akafunga mlango. Alimweleza Milka taratibu kwamba kipimo hicho ni hata kwa mwanamke anayejiona mzima, na kwamba ana hiari ya kukataa. Milka alikubali.

Tangu siku hiyo, kila aliyekuja kudungwa sindano alielezwa mlango ukiwa umefungwa, na aliyekubali alipimwa papo hapo. Wote waliingia mlango mmoja, basi umbea ukakosa pa kushika.

Majibu ya Milka yalionyesha chembe za mlango wa kizazi zilizoanza kuharibika. Alitibiwa hospitali kubwa kabla hazijawa saratani, akapona. Waliporudi zahanati, jirani alimuuliza kwa kunong'ona kama kipimo kinauma. Milka alimjibu kwa sauti iliyofika mwisho wa benchi: "Hakiumi kama kumzika dada yako."

Sista Zeituni alimshika Beldina bega.

"Husemwa mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. "Nami nilikuwa nikiwalaumu wanaoficha, kumbe swali langu ndilo lililowafichisha. Ukitaka mtu akuambie ukweli, mwanangu, mpe kwanza mahali pa kuusemea."