Herufi ya Maji Jikoni kwa Bimdogo

Niapie kwanza kwamba halitoki hapa. Umeapa? Haya. Nami niliapa hivyohivyo mbele ya Bimdogo, na leo nakuhadithia.

Bimdogo, Mzanzibari, alipika pilau mtaa wa Dengfeng, Guangzhou. Mwaka wa 2009 askari walimkamata kila mgeni asiye na pasipoti. Wafanyabiashara waliogopa kuibiwa sokoni, basi pasipoti zao waliziacha kwake. Ukishikwa unampigia, anakuletea. Jumatatu akashikwa Jovitha wa Bukoba. Akampigia Bimdogo.

"Mei you!" Bimdogo akajibu kama wauza viatu wa Kichina. "Hakuna! Hukuniachia kitu, mwanangu."

Uongo. Jovitha alikuwa amekodi chumba ng'ambo ya barabara auze ndizi na nyama, na wateja wa Bimdogo walishaanza kumuulizia. Mimi niliiona pasipoti ikipokelewa. Nikanyamaza, nikaletewa sahani ya pilau ya bure. Niliila yote.

Askari walimpa Jovitha hadi Ijumaa, baada ya hapo ni kizuizini, na mzigo wake uozee stoo.

Jumanne asubuhi, sakafu kavu ya jikoni ilikuwa na herufi ya Kichina iliyoandikwa kwa maji. Ilinuka tope. Bimdogo akaipiga deki, ikarudi. Mzee Liang, mwenye nyumba, aliinama kuisoma, akarudi nyuma.

"Hii kuzama," alinong'ona kwa Kiswahili chake cha dukani. "Hivi vitone vitatu, maji. Zamani sana watu walichora ng'ombe katikati ya mto. Walimzamisha, sadaka ya mwenye mto. Laoban, bosi, umemtupa nani? Mwenye mto amekuja kumchukua."

"Bomba linavuja tu, mzee!"

Ijumaa, baada ya swala, mgahawa ukiwa umejaa, Abdulsamad muuza viatu akaanza kusoma kisomo cha kuifukuza ile herufi, na mchana kweupe taa zikazimika, na chini ya sakafu tukasikia ng'ombe akikoroma kama anayemeza maji, akapanda, akasogea, harufu ya tope ikajaa mgahawani, watu wakapandisha miguu vitini, na jikoni Bimdogo akawa analia, "Usinichukue mimi, usinichukue, Jovitha namrudisha!"

Taa zikawaka.

Mkono wake ulikuwa ndani ya pipa la unga hadi kiwikoni. Akautoa mbele yetu sote: pasipoti ya Jovitha, kavu kabisa, na kwenye mkono wa baibui lake maji meusi yakichuruzika.

"Bimdogo!" Abdulsamad akasema. "Kumbe ni wewe?"

Bimdogo alinitazama mimi, kisha akatazama chini ya kiti changu. Watu wote wakageuka.

Vitone vitatu vya maji, vinanuka tope.