Kuku Walionenepa kwa Uji wa Bibi

Kwaru, kwaru, kwaru. Gizani, jogoo hata hajawika, mwiko ulikuwa ukikwangua sufuria jikoni. Jenifa alijikunja ndani ya blanketi, maana baridi ya Sumbawanga mwezi Julai haina mzaha. Sauti hiyo ndiyo iliyomwamsha kila siku. Mama yake, Coleta, alikoroga uji wa bibi kwanza, ndipo aende sokoni kuuza maharage.

"Jenifa, mwanangu, uji huo! Bibi amalize wote, ndipo ameze vidonge vyake vya kuongeza damu."

"Sawa, mama."

Bibi Fransiska alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Ugonjwa ulimtoa damu, na chakula kigumu kilimshinda. Alichoweza ni uji wa ulezi na karanga, wenye sukari. Daktari alisema damu ikipanda, atasafiri kwenda hospitali ya mbali yenye mashine ya mionzi.

Siku moja, bombani shuleni, rafiki yake Kabula alimcheka.

"Mnampa mgonjwa wa saratani sukari? Ninyi mnaulisha ugonjwa!"

"Nani kakwambia?"

"Shangazi kasikia kwenye simu. Chakula cha uvimbe wa saratani ni sukari. Ukiunyima, unanyauka kama mche uliokosa maji."

"Kweli?"

"Haya, endelea kuunenepesha."

Maneno hayo yalimwingia Jenifa. Kesho yake, mama alipoondoka tu, aliumwaga uji kwenye chombo cha kuku. Akachemsha maji, akatia unga kidogo, bila karanga, bila sukari.

Bibi alionja, akatabasamu. "Mama yako leo kabana mkono, eh?"

"Kunywa tu, bibi. Utapona."

Bibi alikunywa kidogo, akameza vidonge tumbo likiwa karibu tupu, muda si mrefu akavitapika. Hakulalamika. Ikawa hivyo kila asubuhi. Jenifa aliuwazia uvimbe ukilia njaa, akafurahi peke yake. Mama naye alishangaa: "Kuku wetu wamenenepa hawa! Wanakula nini?" Jenifa akainama, akafagia uwanja ambao ulikuwa safi tayari.

Siku ya kupimwa damu ilipofika, Jenifa na mama walimshika bibi mkono huku na huku hadi hospitali. Daktari Obed alisoma majibu, akavua miwani.

"Damu imeshuka, Coleta. Hawezi kusafiri wiki hii. Nafasi yake itabidi apewe mwingine."

Mama alikaa kama aliyesukumwa. "Lakini uji anakunywa, daktari! Nampikia mwenyewe."

Jenifa aliutazama mkono wa bibi, mwembamba, ngozi imelegea.

"Uji nilikuwa nawapa kuku," alisema huku akilia. "Nilitaka uvimbe ufe njaa."

Mama alifumba macho. Daktari Obed akavuta kiti karibu.

"Sikiliza, binti. Ni kweli uvimbe ni mlafi wa sukari. Lakini ukimnyima bibi chakula, uvimbe haufi njaa. Unachota humohumo kwenye damu yake na kwenye nyama zake. Anayekonda ni bibi."

"Na mionzi, kwa nini isubiri damu ipande?"

"Mionzi huua seli za saratani vizuri zaidi zikiwa na oksijeni, ile hewa tunayovuta. Uvimbe hukua haraka kuliko mishipa yake ya damu, kwa hiyo ndani kuna seli zilizozoea kuishi na oksijeni kidogo. Hizo ndizo sugu. Na mbeba oksijeni ni damu. Damu ikipungua, mionzi nayo inapungua nguvu." Akamgusa bega. "Si wewe peke yako. Ugonjwa wenyewe unamtoa damu. Ila ule uji tuliuhitaji."

Bibi aliongezewa damu, aliyoitoa mjomba Flavian, akapangiwa tarehe nyingine. Lakini wiki zilizopotea hazikurudi, na Jenifa alilijua hilo kila alipomsikia bibi akigumia kwa maumivu. Kuku wakimkimbilia uwanjani, aligeuza uso.

Jioni moja mama alimketisha karibu na jiko.

"Najua ulimpenda bibi yako. Lakini ulimtibu kwa siri, kwa maneno ya kuokota. Jambo la ugonjwa ukilisikia, lilete hapa, tukamuulize mwenye kujua. Ungeniuliza swali moja tu, mwanangu."

"Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe. Kamuombe na bibi."

Bibi hakutaka maneno mengi. Alimvuta tu, akamlaza kifuani, Jenifa akazihesabu mbavu zake kwa shavu.

Alfajiri ya safari, mwiko ulisikika tena gizani: kwaru, kwaru, kwaru. Coleta aliamka akashangaa. Jikoni palikuwa na moto tayari. Jenifa alikuwa amepiga magoti akikoroga, karanga zimeiva, sukari imepimwa. Akamimina kikombe hadi ukingoni, akakibeba kwa mikono miwili mpaka kitandani.

"Bibi, uji uko tayari."