Uzito wa Mbele

Haya yalimkuta rafiki yangu Kasiani, akivuka Bwawa la Mindu kupeleka mbolea bustanini. Yeye alishika injini, shemeji yake Beda alikaa mbele. Bwawa lile lina kina kifupi. Upepo ukivuma, mawimbi hufuatana karibukaribu, na boti ndogo isiyo na mtu wa kuikandamiza mbele huinua pua ikapinduka.

Wingu likatanda, giza likaingia, upepo ukaanza kuvuma. Walipofika penye maji ya kifuani, Beda akaruka majini.

“Shemeji, unaniacha?”

“Kila mtu aokoe roho yake!”

Pua ikainuka. Kasiani akafumba macho. Mara mbao za mbele zikalia, kaa! Pua ikashuka. Alipofumbua macho, mbele hapakuwa na mtu, lakini pua ilitulia hivyo hadi ng'ambo.

Boti ilipogusa tope, pua ikapanda ghafla, kama inavyopanda abiria akishateremka.