Milioni Tisa na Cherehani

Fundi aliisoma barua mara ya tatu, sketi ikiwa bado chini ya sindano. Kiwanda cha sare kimemwajiri. Mshahara: milioni tisa na laki sita kwa mwaka.

"Mume wangu wee! Milioni tisa!"

Mumewe, mpaka rangi wa nyumba, alitupa brashi. "Tumeula! Tunahamia ile nyumba ya vyumba vitatu."

Kodi ya nyumba ile ilikuwa laki nne kwa mwezi, na mwenye nyumba alitaka ya miezi mitatu mkononi. Hawakuwa nayo. Basi wakaamua kuuza cherehani. Mnunuzi akaahidi kuja jioni hiyo hiyo.

Tusiwacheke. Wawili hawa walilipwa kwa siku maisha yao yote. Mwaka kwao ulikuwa wa kuhesabia umri wa watoto, si mshahara.

Jirani yao, karani wa mishahara ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Makato, alikuja kuchukua sketi yake. Akamkuta fundi anaipangusa cherehani huku machozi yanamlengalenga.

"Mwenzangu, kulikoni?"

"Naiaga, dada. Nimepata kazi." Akampa barua.

Bibi Makato aliisoma yote, hata maandishi madogo ya chini. Kisha akampa fundi chaki ya kushonea na kipande cha kitambaa cheusi.

"Andika. Milioni tisa na laki sita, gawa kwa miezi kumi na miwili."

Fundi aliandika polepole. "Laki nane kwa mwezi."

"Hapo hujakatwa. Kodi ya serikali, akiba ya uzeeni, bima ya matibabu. Hapa chini wameandika: jumla laki moja na elfu sabini. Toa."

"Laki sita na elfu thelathini."

"Nauli je?"

"Elfu sitini kwa mwezi."

"Toa. Sasa gawa kwa siku thelathini. Usigawe kwa siku za kazi tu, maana tumbo halina Jumapili."

Chaki ilisimama. "Elfu kumi na tisa kwa siku? Basi?"

"Na cherehani hukupa ngapi?"

"Elfu kumi na tano. Siku yenye kazi."

"Na siku isiyo na kazi?"

Fundi alichora sifuri. "Kumbe kazi yenyewe ni nzuri."

"Nzuri sana, ichukue! Ila ukitoa laki nne za nyumba, mtakula kwa elfu tano na ushee kwa siku. Nyinyi na watoto."

Mumewe, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alikaa chini. Hapo hapo mnunuzi akapiga hodi, pesa mkononi.

Fundi alisimama mbele ya cherehani. "Nisamehe kwa usumbufu, kaka. Haiuzwi."

"Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana kabla sijapiga hesabu. Haitoki humu ndani."

Mwisho wa mwezi alirudi na hati ya malipo. Mumewe akatania, "Haya, milioni tisa ziko wapi?"

"Zinakuja kwa vipande kumi na viwili. Hiki cha kwanza."

Laki sita na elfu thelathini, sawasawa na ile hesabu ya chaki. Wakalipa kodi ya chumba chao, karo na chakula, na hawakukopa. Jumamosi fundi hushona sketi za wateja, na pesa hiyo inakwenda kwenye kopo la nyumba ya vyumba vitatu.

Juzi mumewe aliitwa kupaka rangi jengo zima, kwa bei ya kutia kizunguzungu. Safari hii hakupiga kelele. Aliingia ndani, akatafuta chaki.

"Mke wangu," akaita, "jengo lile litanichukua siku ngapi?"