Sauti ya Mzee Gervas

Skana, redio ndogo ya kunasa mawasiliano ya wengine, ilianza kunuka udi, na katika fleti ile ya Wheaton, huko ughaibuni, hakuna aliyewahi kufukiza udi. Vaileth alitoa betri, akazinusa moja moja. Hazikuwa na harufu. Akaitumbukiza skana mkobani bila betri, akafunga zipu.

Mwezi uliopita, ikiwa mpya, alijifunza kuitumia kwa umakini wake wa mwanachuo: antena ikazwe mpaka mwisho, kitufe cha kukata mvumo kizungushwe taratibu hadi kelele ya hewa tupu ikome, hapo hapo, maana ukizidisha unafungia nje na sauti za watu. Alianza na marubani wanaoshuka uwanja wa ndege wa Dulles. Kisha akahamia magari ya wagonjwa, akanogewa.

Ndipo akasikia gari likiitwa mlangoni kwa jirani yao, Mzee Gervas: mwanamume, hapumui. Vaileth akamkimbilia shangazi yake, Benadetha. Aliona haya kusema anasikiliza shida za watu, akadanganya: "Mzee Gervas amefariki. Nesi mmoja kanipigia."

Kwao msiba hautamkwi hivyo. Wazee huenda, huketi na mfiwa, humlisha kwanza, ndipo humwambia. Lakini Benadetha alimwamini mtoto wa kaka yake, akatangaza kwenye kundi la simu. Binti wa Gervas aliisoma habari hiyo kule Mbeya akiwa peke yake, akazirai.

Na Gervas hakuwa amekufa. Alirudi nyumbani mzima, ila hana sauti, na madaktari hawakuona kasoro kooni. Kanisani wanawake wakambatiza Benadetha "Redio Wheaton." Vaileth alisikia, akainamia simu yake.

Jumamosi mchana Gervas aliletwa na Mzee Ombeni wa kanisani ili wayamalize. Chai haijamiminwa, udi ukajaa sebuleni.

"Nani kasema nimekufa?"

Ilikuwa sauti ya Gervas, ikitoka kwenye mkoba wa Vaileth. Gervas mwenyewe alikuwa amefumba mdomo, mkono kooni.

"Vai, umewasha nini?" Benadetha alinong'ona.

"Haina betri, shangazi. Naapa."

Ombeni alisimama, Biblia kifuani. "Kwa jina la Yesu, u nani?"

Mkoba ukakohoa kikohozi cha Gervas. "Mpita njia. Mtu akishatangazwa amekufa, sauti yake haina mwenyewe. Nimeiokota."

"Irudishe!"

"Nitairudisha. Nipeni ya aliyemuua kwa mdomo."

Benadetha alijifunga khanga vizuri, kama mtu anayeitwa mbele ya watu. "Ni mimi niliyetangaza, baba. Chukua yangu."

Vaileth alimtazama shangazi yake akisogelea mkoba, akaona midomo ile iliyomwimbia utotoni ikifunguka, na aibu aliyoilaza kifuani wiki zote zile ikawa nzito kuliko woga, mpaka akamvuta Benadetha khanga, akafungua mdomo wake na kupaza sauti: *Siyo yeye, ni mimi!*

Mdomoni mwake hakikutoka kitu. Maneno yalitoka mkobani, kwa sauti yake.

Gervas alikohoa. "Maji," akasema kwa sauti yake mwenyewe, kwa unyonge. "Nipeni maji."

Hakuna aliyempa. Wote walikuwa wamegeukia mkoba, ambamo sauti ya Vaileth iliendelea kukiri yote, tulivu, bila kuacha hata kimoja: skana, nesi asiyekuwepo, siku aliyosikia shangazi akisimangwa akajifanya anasoma simu. Vaileth alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Sauti haikukoma. Sasa ilikuwa inasema hata yale ambayo hakuwahi kukusudia kumwambia mtu.